Divai Isiyo na Jina: Namna Historia ya Kisiwa Inasomeka Ndani ya Glasi



Chukua glasi moja ya divai nyeupe. Chupa imefichwa, etiketi haionekani, hakuna mtu wa kukunong'oneza. Wanakuuliza maswali mawili: hii ni zabibu gani, na imetoka wapi? Watu wengi wanafikiri kujibu maswali hayo kunaomba ulimi wa ajabu, kipaji ambacho mtu anazaliwa nacho. Mimi nasema hapana. Ni kazi ya historia na ya agronomi, na mwenye kuijua vizuri ni yule aliyesoma. Nitawaonyesha kwa mfano wa zabibu moja tu: Assyrtiko, ya kisiwa cha volkano kinachoitwa Santorini, kule Ugiriki. Mwishoni mtaona kwa nini mambo haya yanatugusa sisi watu wa Kivu.

Tuanze na swali la kwanza: kwa nini wanaficha chupa? Juu ya etiketi inaongea mbele ya ulimi. Tarehe 24 Mei 1976, huko Paris, Mwingereza mmoja aliyekuwa na duka la divai, Steven Spurrier, alikusanya waonjaji wakubwa wa Ufaransa. Akawawekea divai za Ufaransa na za California, bila majina. Wakati huo hakuna aliyefikiri Marekani inaweza kushinda. Lakini kwa divai nyeupe ya kwanza ilikuwa Château Montelena, na kwa nyekundu ilikuwa Stag's Leap, zote mbili za California. Waonjaji walikuwa wale wale, ulimi wao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba jina liliondolewa mezani.

Huko London, tangu mwaka 1953, kuna ekzamini ya watu wanaoitwa Masters of Wine. Kandida anapewa glasi zisizo na jina, anapaswa kuandika zabibu, mahali na ubora. Na hapa sisi tuliopita kwenye oditwari tutaelewa haraka: pointi nyingi hazitoki kwenye jibu lenyewe, zinatoka kwenye maelezo. Ukitaja jina sawa bila sababu, unapata kidogo. Ukikosa jina lakini ukafikiri vizuri, bado unapata kitu. Ni sawa vile profeseri wa hesabu anavyotaka kuona njia.

Sasa tuonje kwa akili. Macho yanaona rangi hafifu, karibu na maji ya limao. Pua inapata harufu kidogo tu: limao, ganda lake, labda kitu kama jiwe lililolowa mvua ao moshi wa mbali. Hakuna maua mengi sawa kwenye zabibu ya Muscat. Kisha mdomo. Asidi inakaza mashavu, mate yanatoka yenyewe. Koo linasikia joto la pombe, asilimia 13.5 ao 14 hivi, hata zaidi. Mwishoni kunabaki chumvi kidogo, na kukwaruza kwa mbali kama chai iliyokaa sana kwenye birika.

Hapo mwanafunzi wa agronomi anapaswa kusimama. Tunajua kwamba tunda likiiva kwenye jua kali, sukari inapanda na asidi inashuka. Na sukari njo inageuka kuwa pombe. Kwa hiyo divai ya inchi ya baridi inakuwa na asidi nyingi na pombe kiasi. Ya inchi ya joto inakuwa na pombe nyingi na asidi kidogo. Hii ya kwetu iko na vyote viwili kwa wingi. Haifuati kanuni, na kutofuata kwake njo alama yake.

Kutoka hapo unaondoa moja moja. Chablis ya Ufaransa iko na asidi na ile hisia ya jiwe, lakini ni ya inchi ya baridi, pombe yake kwa kawaida iko chini zaidi. Riesling iko na asidi kali, lakini pua yake inaongea sana, na ikizeeka inaweza kuleta harufu kama ya petroli. Albariño ya Uhispania iko na chumvi ya bahari, lakini inanukia matunda laini kama pichi. Inabaki ndugu wa karibu: Carricante, zabibu nyeupe ya mlima Etna, kwenye kisiwa cha Sicily. Nayo ni ya volkano, nayo iko na asidi na chumvi. Lakini inalimwa juu mlimani, kwenye baridi ya usiku, kwa hiyo mara nyingi ni nyepesi zaidi, pombe haichomi vile. Mwenye kufikiri hivi anaandika kwenye karatasi yake: Assyrtiko, Santorini. Hakuota. Aliondoa yasiyowezekana.

Lakini kutaja jina bila kujua sababu ni kukariri tu. Ile asidi, ile chumvi, ile pombe, vimetoka wapi? Hapa njo historia inaanza.

Karibu mwaka 1600 kabla ya Kristu, volkano ya Santorini ililipuka kwa nguvu kubwa sana, moja ya milipuko mikubwa ambayo wanadamu wamewahi kuishi karibu nayo. Katikati ya kisiwa kulizama, bahari ikaingia. Majivu na mawe mepesi yenye vishimo yakafunika kilichobaki, mahali pengine kwa makumi ya mita. Mji wa Akrotiri ulizikwa mzima. Mwarkeolojia Mgriki Spyridon Marinatos alianza kuuchimba mwaka 1967, akakuta nyumba za gorofa, picha za rangi kwenye kuta, mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula. Watu wa pale walijua zabibu mbele ya mlipuko. Kisha kisiwa kilibaki kitupu kwa muda mrefu, na waliokuja kuishi tena walikuta udongo mwingine kabisa.

Udongo huo, wenyewe wanauita aspa. Ni mchanganyiko wa majivu, mchanga na yale mawe mepesi. Mboji karibu hakuna. Udongo wa mfinyanzi ni kidogo sana. Mvua kwa mwaka mzima haifiki milimita 400, na wakati wa kiangazi inaweza isinyeshe hata tone kwa miezi. Linganisha na Bukavu, ambako tunapata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Na juu ya ukame kuna upepo wa kiangazi, meltemi, unaopiga mchanga kwenye majani mpaka yanachanika.

Angalia sasa namna wakulima walijibu. Hawakusimamisha mizabibu kwenye miti na waya kama Ufaransa. Walisuka matawi yaliyo hai kwa duara, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzabibu unakuwa kama kikapu kilichowekwa chini. Wanakiita kouloura. Vichane vinakua ndani ya kikapu, upepo unapita juu, jua haliunguzi tunda, na umande wa usiku unaotoka baharini unabaki hapo. Yale mawe mepesi yanakamata ule unyevu na kuupa mzizi polepole. Kikapu kikichoka, baada ya miaka 70, 80 ao hata 100, wanakikata, na mzizi ule ule unatoa chipukizi mpya. Kwa hiyo juu unaona mti wa miaka michache, chini kuna mzizi ambao babu ya babu aliukuta.

Mavuno yake ni madogo sana, mara nyingi tani 2 ao 3 tu kwa hekta, wakati mashamba mengi ya Ulaya yanatoa mara mbili ao mara tatu ya hiyo. Tunda likiwa kidogo hivi, kila kitu ndani yake kinakuwa kizito: sukari, asidi, chumvi. Lile joto la pombe kooni, sehemu yake kubwa imetoka hapo.

Kisha kukaja ugonjwa. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo kutoka Amerika ya Kaskazini, filoksera, aliingia Ufaransa. Anakula mizizi. Mwaka 1868 mwanasayansi wa mimea wa Montpellier, Jules Émile Planchon, pamoja na wenzake walimkuta kwenye mizizi ya mizabibu iliyokuwa inakufa. Miaka iliyofuata, karibu Ulaya yote ilipoteza mashamba yake. Dawa haikupatikana. Suluhisho lilikuwa kupandikiza: mizizi ya zabibu ya Amerika, ambayo imezoea mdudu, na juu yake tawi la zabibu ya Ulaya. Hata leo, divai nyingi mnayosikia inasifiwa inatoka kwenye mti wa vipande viwili.

Santorini haikuguswa. Si juu ya sala, si juu ya dawa. Mdudu huyo anahitaji udongo ulio na mfinyanzi, wenye nyufa za kupitia kutoka mzizi hadi mzizi. Kwenye aspa hawezi kuishi. Udongo ule ule ambao ulimnyima mkulima mavuno, njo ulimlinda mti wake. Kwa hiyo Assyrtiko ya pale inasimama bado kwenye mizizi yake yenyewe.

Sasa niseme jambo moja ambalo waandishi wa divai wengi wanapenda kulizungusha. Wanaandika kwamba ndani ya Assyrtiko "unaonja volkano". Ni maneno mazuri, lakini kama walisansie tunapaswa kuuliza swali. Alex Maltman, mwanajiolojia wa chuo kikuu cha Aberystwyth, Wales, ameeleza kwa miaka mingi kwamba mwamba haupandi kwenye mzizi na kuingia ndani ya glasi. Mzizi unachukua chembe za madini zilizoyeyuka kwenye maji, kwa kipimo kidogo sana, na mwamba wenyewe hauna ladha. "Ladha ya jiwe" ni mfano wa maneno, kama tunavyosema mtu ana moyo wa chuma.

Na ukitaka ushahidi, angalia visiwa vingine vya volkano. Lanzarote, kwenye visiwa vya Canaria, ililipuka kutoka 1730 mpaka 1736. Wakulima wa pale walichimba mashimo mapana ndani ya majivu meusi ili mzizi ufikie udongo wa zamani, wakajenga vijiukuta vya mawe kuzuia upepo. Zabibu yao kuu, Malvasía, inanukia zaidi, na asidi yake si kali vile. Volkano iko, kisiwa kiko, upepo uko, lakini divai ni nyingine.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi tuko na Nyiragongo. Lava yake iliingia mpaka katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, ikashuka tena tarehe 22 Mei 2021. Lava za Virunga zinajulikana kwa wingi wa potasiamu, na tunapata mvua nyingi, njo maana udongo wa Rutshuru na Masisi unalisha watu wengi hivi. Aspa ya Santorini ni kinyume: potasiamu ambayo mzizi unaweza kuichukua ni kidogo. Na kwenye zabibu, potasiamu ndiyo inakamata asidi ya tartariki na kuitoa ndani ya divai kama fuwele. Potasiamu ikiwa kidogo, asidi inabaki. Kwa hiyo neno "volkano" peke yake halielezi kitu. Ni udongo gani, mvua kiasi gani, mti gani, mkono wa nani: hayo njo maswali.

Kuhusu mti, kuna jaribio zuri. Assyrtiko ilipelekwa bara la Ugiriki, na ikavuka bahari mpaka Australia. Familia ya Barry ya bonde la Clare ilileta vipandikizi kutoka Santorini, na divai yao ya kwanza ya kuuza ilikuwa ya mavuno ya 2016. Kule hakuna aspa, hakuna vikapu. Lakini asidi imebaki, hata kwenye joto la Australia. Kinachobadilika ni mengine: tunda linasikika zaidi, ile chumvi na ule ukavu vinapungua. Kwenye kozi tulisoma jenotipi na mazingira mpaka tukachoka. Hapa unaviona ndani ya glasi mbili: asidi ni ya mti, chumvi na ule ukimya wa harufu ni vya kisiwa.

Na jina? Hili njo linaniuma zaidi. Kwa karne nyingi watu hawakuijua Assyrtiko kama tunavyoijua leo. Waitaliano wa Venezia, waliopata visiwa hivi baada ya mwaka 1204, walipenda divai tamu ya zabibu zilizokaushwa juani, ambayo leo inaitwa Vinsanto. Chini ya Waturuki biashara iliendelea, na Urusi ikawa mnunuzi mkubwa, juu ya makanisa yake ya Orthodoksi yalihitaji divai ya misa. Mapinduzi ya 1917 yakafunga soko hilo. Tarehe 9 Julai 1956 tetemeko la inchi liliua zaidi ya watu 50 na kubomoa nyumba nyingi. Familia zikahamia Atene. Divai ya kisiwa ikawa inauzwa kwa mapipa, bila sifa.

Mwaka 1971 serikali ya Ugiriki ililinda jina "Santorini" kwa sheria: divai yenye jina hilo inapaswa kutoka pale na kutengenezwa kwa zabibu za pale. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumba ya divai ya Boutari ilijenga kiwanda kisiwani. Mwaka 1994 Yiannis Paraskevopoulos, msomi wa divai, na mwenzake Leon Karatsalos walianzisha Gaia na divai yao Thalassitis. Walivuna, wakapoza juisi, wakachachusha divai kavu na safi, wakaandika kwenye chupa zabibu ni gani na kisiwa ni kipi. Miaka 30 hivi baadaye, kandida wa London anapaswa kuitambua bila kuona chupa. Mzizi ni wa karne nyingi, lakini jina duniani ni la juzi. Na jina lilifanywa na watu waliosoma, waliorudi kwenye mashamba ya wazee.

Hata hivyo hawajaokoka. Kisiwa kinapokea watalii zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, ardhi ya kujenga hoteli inalipa kuliko ardhi ya kikapu, na mavuno ya 2023 na 2024 yalikuwa madogo sana juu ya ukame. Kuna watu wanauliza kwa sauti kama mizabibu hiyo itabaki. Mzizi ambao filoksera ilishindwa kuua, tingatinga inaweza kuung'oa asubuhi moja.

Sasa turudi kwetu. Wengi kati yetu tuliosoma agronomi tumeonja kahawa: vikombe vimepangwa mezani vikiwa na namba tu, kijiko, unavuta kwa kelele, unaandika pointi. Ni kazi ile ile ya divai. Na kahawa yetu, arabika ya pembeni ya ziwa Kivu, imekuwa ikipata pointi nzuri kwenye meza hizo. Lakini kwa miaka mingi ilivuka ziwa usiku ndani ya mitumbwi, kutoka Kalehe, Idjwi na Minova, ikauzwa Rwanda bila jina lake. Watu walizama. Wajane wako mpaka leo. Kikombe kilikuwa kizuri, aliyekinywa Ulaya hakujua kuna mahali panaitwa Kalehe.

Na magonjwa hayakutusamehe sawa vile yalivyoisamehe Santorini. Trakeomikozi iliangamiza robusta upande wa kaskazini-mashariki mwa inchi. Mnyauko wa migomba, ule wa bakteria, ulionekana Masisi mwaka 2001, na kila mwenye shamba huko anajua ulichofanya. Aina za ndizi ambazo bibi zetu walizitaja kwa majina sasa mtoto wa shule hazijui. Zikiisha, hakuna udongo wa majivu utakaotuhifadhia mizizi, na hakuna ulimi utakaozitambua, juu ya hakuna aliyeandika zilikuwa na ladha gani.

Kwa hiyo ninawaomba kazi ndogo. Kila mmoja akienda kijijini mwaka huu, akae na mzee mmoja, aandike aina tatu: za ndizi, za maharagi ao za kahawa. Jina la kienyeji, udongo wake, namna wanailima, namna inaonja ikiiva, na ni nani bado anayo. Muandike chini ya maandishi haya, kwa teritware, ili tukusanye kwenye faili moja la asosiasio. Mimi nitaanza na Kalehe.